Kiti Kilichojibu

Nilikosea. Katika sura iliyopita nilimuua Mkumbukwa, nikamlaza mtaroni, nikamfukia kwa maneno mawili matatu, nikaenda zangu kula. Wala hakuwa amekufa. Alikuwa kalala tu, kalewa chakari, mguu mmoja ndani ya maji machafu na mdomo wazi kama banda la kuku lililosahauliwa. Mimi nilipita, nikamtupia jicho moja, nikasema huyu kwisha. Msinicheke. Mtu akisimulia habari za walevi kwa muda mrefu, mkono huzoea. Mlevi katika hadithi zetu ana njia mbili tu, kaburi au madhabahu. Ama afe, tumlilie kidogo na tuwatishie watoto kwa jina lake, ama apige magoti, abubujikwe machozi, na kesho yake awe sokoni na kipaza sauti anatutisha sisi. Njia ya tatu sikuijua, na nilikuwa na njaa. Nikachagua kaburi.

Basi marehemu wangu akapiga chafya.

Akakaa. Akajifuta uso. Akatazama huku na huku, na neno lake la kwanza baada ya kufa lilikuwa la hasira: "Nani kanizika bila kuniuliza?"

Hakuna aliyemjibu, maana mji ule watu hawajibu ovyo. Ni mji usio na jina, na una saa moja tu, nayo ni saa ya kiu. Saa hiyo haina adabu. Inaweza kuja asubuhi, ikaja tena mchana kabla ile ya asubuhi haijaondoka, na ikipenda inakuja jana, ukaamka leo ukakuta umeshakunywa. Ikija, kuta zinasogea, koo linakuwa refu kama barabara, na miguu ya mtu inaacha kuwa yake. Miguu ya Mkumbukwa ilikuwa hodari sana kwa hilo. Mwenyewe alikuwa akiapa kwa mdomo, miguu ikishakata kona. Mara ngapi aliacha akiwa peke yake chumbani, mlango kaufunga kwa komeo, na miguu ikatokea dirishani! Alijijua. Peke yake hawezi. Na safari hii akirudi hatoki tena, kwa sababu mganga wa zahanati, mama mmoja, alikuwa amembonyeza ini kwa vidole viwili, kisha akanawa mikono taratibu kama mtu anayetafuta la kusema.

"Dawa ya kutetemeka hii hapa," yule mama alimwambia. "Meza kama nilivyokuelekeza, usizidishe, usiruke. Ukiona vitu visivyokuwepo, rudi mbio. Lakini dawa ya upweke hatuna, baba. Tafuta watu."

"Watu gani?"

"Watu. Wa kukaa na wewe saa ya kiu ikija. Ukimaliza hiyo, inakuja nyingine, nao wawe bado wapo."

Ndiyo hiyo tu. Si utajiri, si pepo, si msamaha wa ukoo. Watu wa kukaa nao. Mkumbukwa akakung'uta udongo, akaenda kuwatafuta.

Njiani akamkumbuka Mama Sikujua, na msifikiri alimkumbuka kwa ubaya. Mama Sikujua ndiye aliyekuwa akimuuzia. Banda lake lilikuwa la mabati matatu na benchi moja, na benchi lile lilikuwa na sheria zake ambazo hakuna aliyeziandika na hakuna aliyezivunja. Ukiingia, watu wanasogea. Hata kama wamebanana hadi mbavu zinaongea, wanasogea, panapatikana pengo la tako moja, na pengo likionekana ni lako. Huulizwi wewe nani. Huulizwi unaabudu nini, kabila gani, uliwaacha wapi wanao. Kisha Mama Sikujua anachota kata, na kabla hajakupa anainywa kwanza yeye, funda moja, mbele ya macho yako, anafuta mdomo kwa kiganja, anasema, "Nimeonja, sijafa. Chukua." Hapo ndipo unapokea. Ilikuwa heshima: mtu hakupi kitu cha kuingia tumboni mwako ambacho tumbo lake halikijui. Mkumbukwa alitembea akijiuliza, na kadiri alivyojiuliza damu ilimchemka: inakuwaje sumu iwe na adabu kuliko dawa? Inakuwaje mahali palipomuua pawe ndipo pekee katika mji mzima palipomwambia karibu, kaa?

Akafika Mtaa wa Kupona. Mtaa mzuri, umefagiliwa, milango mingi. Mlango wa kijani ulimuuliza kwa upole, mlango mweupe ukamuuliza kwa kuimba, na mlango wa pazia jekundu ukamuuliza kwa moshi na manyanga. Swali lilikuwa moja. Na alipochungulia akaona kwamba milango yote inaingia chumba kimoja, kwa kuwa huko ndiko mji ule unakokuwa bahili: milango unajenga mingi, chumba unajenga kimoja.

Mlangoni alisimama mtu waliyemwita Tarishi. Nguo zake nyeupe, kucha safi, na sauti ile ya mtu anayezungumza na mtoto aliyejikojolea.

"Mdhamini wako nani?" akauliza Tarishi.

"Mdhamini wa nini? Sikuja kukopa."

"Hapa haingii mtu bila mdhamini. Awe juu yako, awe na nguvu kukushinda, na asionekane."

"Asionekane?" Mkumbukwa akacheka, meno yakigongana. "Bwana Tarishi, mimi wasioonekana nimewaona sana. Juzi mmoja alikaa juu ya kabati ananiimbia nyimbo za harusi. Ndiyo sababu nimekuja. Nataka wa kuonekana."

"Unafanya mzaha na mambo makubwa."

"Sifanyi mzaha, natetemeka. Kwa mbali vinafanana."

"Tatizo lako ni kiburi," Tarishi akasema. "Wote wanaokuja na kiburi wanarudi kule walikotoka."

"Kiburi!" Mkumbukwa akatazama suruali yake, tope kavu hadi magotini, kamba badala ya mkanda. "Kiburi nakiweka wapi, kaka? Mfuko wenyewe umetoboka. Nisikilize. Sina ugomvi na huyo Mkubwa wenu asiyeonekana. Mama yangu alimwamini hadi pumzi ya mwisho, na alikuwa mtu mwema kuliko mimi na wewe tukichanganywa. Ila mimi kila nikiita, nasikia sauti yangu. Nikikudanganya kwamba nasikia nyingine, nitakuwa nimeanza kuacha pombe kwa uongo, na uongo ndio kata niliyokuwa nikinywea. Nataka watu tu. Mtu akiniambia mimi nilipita hapa, nikashika hivi, nikakanyaga hivi, nitamfuata kama mbuzi."

"Watu hawatoshi."

"Umewajaribu?"

Mkumbukwa akamkazia macho.

"Niulize na mimi kimoja. Hiki unachotaka kunipa, hii hali ya kutokunywa, umeionja?"

"Mimi," akasema Tarishi, kidevu juu, "sijagusa pombe tangu nizaliwe."

"Basi hujaionja. Jiwe nalo halinywi. Hatulitunuki shahada."

Ndani mtu fulani akacheka puani, akanyamaza haraka. Tarishi akageuka kutafuta ni nani, na katika kugeuka kule akaacha upenyo. Saa ya kiu ilikuwa imeshafika mwisho wa mtaa, Mkumbukwa aliisikia ikikokota viatu. Miguu yake ikaanza kuwaza ya kwake. Akaona heri atukanwe ndani kuliko abembelezwe nje. Akapenya. Tarishi akabaki mlangoni, maana nyuma walikuwa wakija wengine wa kuulizwa, naye kazi ya kuuliza aliipenda.

Chumbani viti vilipangwa duara. Vyote vilikaliwa, na waliokaa walifumba macho. Kimoja tu kilikuwa kitupu, kirefu kidogo kuliko vingine, kina mto wa kitambaa laini. Sasa hebu mfikirieni mtu aliyesomea adabu zake kwenye benchi la Mama Sikujua. Kaingia mahali pamebanana, kaona pengo. Pengo likionekana ni la nani? Akajisemea moyoni, kumbe wananingoja, kumbe maneno ya mlangoni yalikuwa ya mlangoni tu. Machozi yakamlenga. Akasema "shukrani" kwa sauti ndogo, akakaa.

Alikaa kwenye kiti cha Mkubwa.

Hakuna aliyeona. Sheria ya chumba kile ilikuwa kwamba kiti hakitazamwi. Kinasemeshwa. Kila mmoja kwa zamu hukieleza aibu zake, huku kafumba, na wengine hawasikii, au wanajifanya hawasikii, kwa kuwa maneno si yao, ni ya kiti. Ndivyo walivyokaa miaka na miaka, magoti yakigusana, kila mtu mpweke kama kisiwa.

Zamu ilikuwa ya mwanamke mmoja wa makamo, kitenge kakifunga kwapani, mikono mapajani. "Mkubwa," akaanza, "ni mimi tena, Semeni. Jana niliushinda mchana. Jioni niliwachemshia watoto chai, na mimi nikachukua kikombe changu kile kile nilichokuwa nakunywea. Nilikuwa natia konyagi juu, majani ya chai chini, wanangu waone mama anakunywa chai. Mdogo alikuwa akiniambia, mama, mbona chai yako haitoi moshi? Jana nilikishika kile kikombe nikalia. Unanisikia, Mkubwa? Kila siku nakuuliza, unanisikia?"

"Nakusikia, dada," akasema Mkumbukwa. Angefanya nini? Mtu kakuuliza. "Mimi yangu nilikuwa naiweka kwenye chupa ya dawa ya kikohozi. Ukoo mzima ukajua nina kifua. Shangazi aliniletea asali kutoka mbali, nikaiuza, nikanunulia dawa."

Semeni alibaki mdomo wazi. Kisha, macho bado kayafumba, akacheka. Kicheko kilimtoka tumboni, kikamvunja mabega, akajifuta machozi kwa ncha ya kitenge. "Asali!" akasema. "Na ulikohoa?"

"Nilikohoa kwa ustadi. Hadi leo kile kikohozi hakijanitoka, kimekuwa cha kweli."

Jirani yake Semeni, bonge la mtu aitwaye Chilumba, hakungoja zamu. "Mkubwa, mimi nilikunywa msibani kwa baba yangu. Nilikunywa rambirambi zote. Alizikwa na majirani, mimi nililala jikoni."

"Ulipoamka ulimwambia nani?" kikauliza kiti.

"Sikumwambia mtu. Nakwambia wewe."

"Umeniambia mimi, na huyu dada amesikia, na yule wa kule amesikia. Pole, ndugu yangu. Mimi mwenyewe wangu nilimzika nikiwa nimesimama, lakini walinishika pande mbili."

Chumba kikapumua. Wakaanza kusema wakidakizana, macho yamefumbwa, kama watu waliokuwa wamejaza maji midomoni. Na Mkumbukwa akawajibu. Saa ya kiu ilikuwa imeingia, imesimama katikati ya duara, inamtazama, na miguu yake haikwenda popote. Ilikaa. Alishangaa jinsi ilivyokaa.

Lakini kiti kile kilikuwa na mambo yake. Kadiri walivyomwita Mkubwa, ndivyo alivyoanza kupungua. Alitazama mikono yake akaona ya baba yake Chilumba. Mmoja akamwita baba, mwingine akamwita bwana, mwingine akamwita kwa jina ambalo halitamkwi, naye akahisi majina yakimvaa moja juu ya jingine, mashati ya watu wengine. Mto ukazidi kuwa laini. Tako likafa ganzi, kisha halikuwepo.

Mimi nani. Nilikuja kutafuta watu. Watu hawa hapa. Mbona siwafikii?

Sauti yangu imekuwa nene. Nani kanipa sauti nene?

Wakinishukuru nasikia raha. Raha hii naijua. Naijua wapi? Kata ya tatu. Kata ya tatu ndiyo inayokwambia wewe ni mfalme, wote hawa ni wako, wanunulie. Kata ya nne unalia. Ya tano mtaroni.

Hiki si kiti. Hii ni kata ya tatu yenye miguu minne.

Hapo ndipo Tarishi alipoingia. Alimwona, akapiga yowe ambalo watu wenye nguo nyeupe hawatakiwi kulipiga. Wote wakafumbua macho kwa mara ya kwanza ndani ya chumba kile. Wakaona juu ya kiti cha Mkubwa jitu lenye tope, suruali ya kamba, linatokwa jasho na kutetemeka.

"Mlevi!" Tarishi akasema. "Mlevi amekalia kiti!"

"Sisi sote walevi hapa," akasema Chilumba.

"Toka!"

"Asitoke!" Semeni akasimama. "Miaka yote nauliza unanisikia, leo nimejibiwa. Unamtoa kwa nini?"

"Amejibu mtu, si Mkubwa."

"Nimejibiwa!"

Kelele zikawa kelele. Wengine walitaka apigwe, wengine walitaka aguswe, na wale wa kugusa wakaanza kuja kwa magoti, mmoja akambusu tope la goti. Tarishi aliwatazama, akahesabu vichwa kwa macho, na Tarishi si mjinga. Akashusha sauti. "Sawa. Abaki. Lakini kwa taratibu. Avishwe shuka. Asile mbele yenu, asikohoe, asitetemeke. Habari za asali na chupa asizitaje tena. Ajibu kwa maneno nitakayompa. Na asishuke."

"Abaki!" wakaitikia. "Kiti kinachojibu! Abaki!"

Semeni akamsogelea, uso umemng'aa. "Kubali, Mkubwa. Tubariki."

Mkumbukwa alihisi kitu kikipanda kutoka kwenye nyayo, na hakikuwa kiu. Zilikuwa hasira, hasira safi, zisizonuka pombe. Za aina hii hakuwa amezipata kwa muda mrefu hata akazishangaa, kama mtu aliyekuta kanzu yake ya ujana kabatini na bado inamtosha.

"Msiniguse goti!" akasema. "Inukeni, mtachafuka. Hivi nyie watu mna nini? Mtu kaja anatetemeka, mnamwambia kuna nafasi mbili tu katika nyumba hii: chini ya mlango au juu ya kiti. Ama takataka ama mungu! Kati ya hapo hakuna stuli? Hakuna mkeka? Pombe imeniita mfalme miaka yangu yote, ikanilaza mtaroni kama mfalme. Leo nimeikimbia, nakuja kwenu, mnaniita mkubwa kuliko ilivyoniita yenyewe! Chilumba, nilikujibu nini? Pole. Neno la herufi nne. Halikutoka mbinguni, limetoka kwenye kinywa hiki, kinanuka, njoo unuse. Ulishindwa nini kumpa Semeni pole hiyo miaka yote? Magoti yenu yanagusana! Mnaoamini, aminini, mimi siwazuii, mkipata nguvu huko ni zenu kwa haki. Lakini nani kawaambia kwamba ukimtazama aliye juu lazima umfumbie macho aliye kando? Na wewe, Tarishi, unasema watu hawatoshi. Watatoshaje, umewakataza kusikilizana? Mtu ni watu, wazee walisema. Hawakusema mtu ni kiti."

Waliopiga magoti wakarudi vitini.

Mkumbukwa akashuka. Haikuwa rahisi, mto ulimng'ang'ania, na majina yalibanduka moja moja yakimchuna ngozi. Alipofika chini alikuwa yeye tu, mfupi kuliko walivyodhani. Hapakuwa na nafasi kwenye duara. Alingoja wasogee. Alitazama kiti hadi kiti, kwa heshima, kama anayepiga hodi. Wakatazama pembeni. Akakaa sakafuni, katikati yao, pale pale ilipokuwa imesimama saa ya kiu.

Nayo ikamwinamia. Ilikuwa imesubiri kwa uungwana hadi amalize hotuba. Ikaanza na vidole, ikapanda kwenye viwiko, ikamtia baridi mgongoni na moto kooni, na miguu yake ikaanza kukumbuka njia, kona ya kwanza, kona ya pili, mabati matatu. Akaishika miguu kwa mikono, mikono nayo ikawa inatetemeka, ikawa kama mlevi anayemshika mlevi mwenzake.

Huko juu yake, polepole, watu walianza kufumba macho. Chilumba alifumba. Yule wa kubusu goti alifumba. Tarishi aliunyoosha mto, akaupangusa tope kwa leso, akarudi mlangoni alikokuwa akiitwa. Sauti ya mtu ikaanza, "Mkubwa, ni mimi tena," ikielekea kwenye kiti kilichokuwa kitupu kweli kweli.

Semeni peke yake alikuwa hajafumba. Alimtazama mtu aliye sakafuni, umbali wa mkono. Kisha akatazama kiti. Kisha mtu. Mkono wake ulitoka kwenye kitenge, ukasimama hewani, haukwenda mbele, haukurudi.

"Semeni," Mkumbukwa akasema, kwa sauti yake ile ya kawaida, nyembamba, iliyokauka. "Dada yangu. Nishike hapa begani, hadi hii ipite."